Fimbo ya Lusiola, Fimbo ya Ashi

Katika vyumba vya pool vya Butere, kuanzia pale reli inapokomea hadi Sabatia na Manyala, fimbo ni mali ya mwenye meza. Huwa mbili au tatu, zimeegemezwa ukutani, na kila mchezaji wa kudumu anazijua kwa kasoro zake. Hii imepinda karibu na ncha, ile ngozi yake imeisha na shaba inagonga mpira tupu, ya tatu ilivunjika ikafungwa kwa tyubu ya baiskeli. Aliyecheza na fimbo hizo kwa miaka hujifunza jambo ambalo mabingwa wa snuka hawalazimiki kulijua kamwe, nalo ni kulenga pembeni ya pale anapotaka mpira uende, ili upindo wa fimbo uurudishe njiani. Nauheshimu sana ustadi huo, maana ni wa watu waliocheza kwa kidogo walichopewa.

Siku hizi vijana wanataka fimbo zao wenyewe. Wanaona kwenye simu fimbo zilizochongwa kwa mkono, zenye mpini mweusi unaong'aa na kibati cha shaba chenye jina la fundi, na wananiuliza kama kweli zinaongeza mchezo. Huniuliza mimi kwa sababu wanajua nina mbili. Moja ilichongwa hapa hapa Butere na khotsa, kaka yake mama. Ya pili ilitoka Thailand ikapitia Dubai. Nimezitumia zote muda wa kutosha kusema ninachoamini: fimbo ya mkono humfaa mchezaji ikiwa aliyeichonga alimwona akicheza, au ikiwa mchezaji ana bahati ya kufanana kimo, mkono na meza na yule aliyekusudiwa. Bila hayo mawili, ni kazi nzuri ya mbao iliyotengenezewa mtu mwingine.

Khotsa ni fundi wa mipini. Majembe, mashoka na sururu za nusu ya lokesheni yetu zinashikwa kwa mbao alizozipitisha mikononi mwake, na siku za soko utamkuta amezipanga kwenye turubai, za mpera upande mmoja, za lusiola upande wa pili. Nilipomwomba anichongee fimbo ya pool hakuniuliza urefu wala uzito. Aliniuliza nitacheza lini. Jioni hiyo akaja, akaagiza soda, akakaa kwenye benchi mpaka giza lilipoingia. Alikuwa akitazama kiwiko changu. Mipira hakuijali kabisa, hata pale wenzangu waliposhangilia mpira mweusi ukizama.

Mchezo ulipotulia aliniita. "Mpwa wangu, inama kama unayetaka kupiga, lakini weka fimbo yao chini." Nikainama mikono mitupu. Akanipa mpini mrefu usiochongwa bado, akaniambia niushike bila kufikiri, kisha akatoa kipande cha mkaa mfukoni na kutia alama mbili: moja mkono wa nyuma ulipotua, nyingine mahali mbao ilipopita juu ya vidole vya mkono wa mbele. Akageuka kupima kwa kamba nafasi iliyobaki kati ya meza na ukuta. Kutoka alama hizo na kamba hiyo ndipo fimbo yangu ikapata urefu wa sentimita 139. Fimbo ya kawaida ya snuka hufika 145 au 147. Kwa kimo changu, na kwa chumba ambacho kilikuwa duka la nguo kabla ya kuwa cha pool, sentimita hizo za ziada zingekuwa zinagonga ukuta.

Nilikwenda kwake mara nyingi wakati wa kazi hiyo, na mengi ninayoyajua kuhusu fimbo niliyapata kwenye kivuli cha mwembe wake. Alichukua gogo la lusiola lililokuwa limelala juu ya dari la jikoni tangu msimu wa mvua wa mwaka mmoja nyuma, limekauka polepole kwa moshi. Hakulikata kwa msumeno. Alilipasua kwa shoka na kabari, kwa sababu mpasuko hufuata nyuzi za mti zilivyoota, ilhali msumeno hukata njia yake hata ikibidi kuvuka nyuzi. Mbao ambayo nyuzi zake zimekatwa njiani itapinda siku moja, hata ikiwa imenyooka siku unayoinunua. Vipande viwili alivitupa kuni. Cha tatu kilipasuka wima toka juu hadi chini, akacheka kwa furaha.

Kisha randa. Kwanza pembe nne, halafu nane, halafu kumi na sita, hadi pembe zikapotea zenyewe. Mwishoni aliiacha randa akachukua kipande cha kioo cha dirisha, akakivunja upya ili kipate ukingo mkali, akawa anaivuta fimbo nacho kutoka mpini hadi ncha. Yalitoka maganda membamba kiasi cha kuona mwanga kupitia kwayo. Kila baada ya kukwangua kidogo aliishika fimbo kwa vidole viwili, ikining'inia, akaigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Alikuwa akitafuta mlio mmoja toka juu hadi chini. Penye mlio uliozibika alijua kuna nyuzi legevu, au unyevu uliojificha. Aliitundika wima ukutani kwa majuma kadhaa, akaishusha, akaikagua, akakwangua tena palipotaka kupinda, akaitundika tena. Butere mvua hainyeshi kwa utani, na hewa yenye unyevu ikiingia kwenye mbao changa huigeuza itakavyo. Hapo subira ya fundi ni sehemu ya kifaa chenyewe.

Mpini aliuweka wa mpera, kwa sababu ni mzito na nyuzi zake zimebanana. Alichonga mwisho wa lusiola ukawa na nyuso nne bapa zinazokwenda zikipungua, akabandika vipande viwili vya mpera pande mbili zinazoelekeana, akavifunga kwa mpira wa tyubu hadi gundi ikakauka, kisha pande mbili zilizobaki. Alipoviringisha yote kwa randa, mpera ukapanda juu ya lusiola kwa ncha nne za mviringo. Hakuwahi kuona fimbo ya London, wala hakuna aliyemfundisha. Nilipokuja kujua baadaye kuwa mafundi wa Uingereza huunganisha mpini wao hivyo hivyo, sikushangaa sana. Mbao mbili zikitakiwa kushikana bila msumari na kustahimili kishindo, njia zilizopo si nyingi.

Tulipoipeleka kwenye mizani ya duka ilisoma gramu 540. Khotsa hakuipenda namba hiyo. Alikuwa ameona kwamba mimi hupiga kwa mkono mwepesi, na kwamba fimbo nzito ingenisukuma kupita kiasi kwenye mipira ya karibu. Akautoboa mpini kutoka nyuma, akaondoa mbao ya ndani, akaziba. Ikashuka hadi karibu 500. Ngozi ya ncha ndiyo kitu pekee tulichonunua, Kisumu, pamoja na gundi yake, nayo aliichonga ikawa milimita 11.

Akaja tena kutazama. Alikaa kwenye benchi lile lile na baada ya michezo michache akaichukua fimbo kutoka mkononi mwangu, katikati ya zamu yangu, akanionyesha kwa kidole mahali ilipoanza kunenepa mapema mno. Nilipokuwa nikirudi nyuma kwa pigo refu, unene huo ulikuwa ukiinua vidole vyangu vya mbele kidogo tu, na mimi sikuwa nahisi. Akaenda nayo nyumbani. Iliporudi ilipita juu ya vidole bila kukwama hata nilipovuta mkono hadi mwisho. Ziara hiyo ya pili ndiyo ninayowaeleza vijana zaidi kuliko yote. Fundi wa kiwandani, au wa nchi ya mbali anayepokea vipimo kwa barua, hata awe hodari namna gani, hawezi kukaa kwenye lile benchi.

Fimbo ya pili aliniletea mdogo wangu alipokuja likizo kutoka Dubai. Huko kumbi za snuka ni nyingi na alikuwa ameshaonja meza kubwa. Ni fimbo nzuri sana, na sitaki mtu adhani naidharau. Shina lake ni la ashi, mti wa nchi za baridi, na ukiigeuza utaona nyuzi zake zikichora mishale mmoja juu ya mwingine hadi kwenye ncha. Mpini ni wa mti mweusi unaofanana na mpingo, uliopandishwa juu ya ashi kwa ncha nne za mviringo, ambayo ni dalili ya kazi ya mkono. Fimbo iliyounganishwa kwa mashine huwa na ncha kali zilizonyooka, na zile za bei rahisi kabisa hazina muungano wowote, ni picha tu iliyobandikwa na kupakwa vanishi juu yake. Vijana wetu wengi huuziwa picha hiyo. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, pitisha ukucha kwenye mstari ambapo mbao mbili zinakutana, uangalie kama nyuzi zinabadilika kweli.

Urefu wake ni sentimita 147, uzito wakia 18, yaani kama gramu 510, na ncha yake ni milimita 9.5. Vipimo hivi vimekusudiwa meza ya snuka, yenye futi 12 kwa 6, na mipira ya milimita 52.5. Mchezo huo ulianzia Jabalpur, India, mwaka 1875, mikononi mwa ofisa kijana wa jeshi la Uingereza aliyeitwa Neville Chamberlain, na ukatufikia kupitia klabu za walowezi na familia za Kihindi, katika kumbi zenye nafasi ya kuizunguka meza mtu akiwa amenyoosha mkono. Nilipoijaribu fimbo hiyo kwenye meza ya aina hiyo Kisumu, nilielewa kwa nini watu huzipenda. Nikiugusa mpira mweupe taratibu nilisikia hadi kiganjani mahali hasa nilipougusa. Nikiupiga chini ulirudi kwa utii. Ukimya wa fimbo yenyewe, bila mtikisiko wowote mpinini, ulinipa imani.

Butere ilikuwa habari nyingine. Meza yetu ni ya kutumbukiza sarafu, ndogo, na mipira yake ni mikubwa na mizito kuliko ya snuka. Ile ncha nyembamba ilitanuka na kuchakaa haraka kwa kugonga uzito usiokuwa wake. Ukuta nao ulikuwa ukinilazimisha kuinua mpini juu, na ukipiga kwa fimbo iliyoinama, ukaugusa mpira mweupe ubavuni hata kidogo, huchora tao badala ya kwenda moja kwa moja. Na kulikuwa na jambo la tatu, gumu zaidi kulieleza. Unapoupiga mpira mweupe ubavuni ili uzunguke, hauendi pale fimbo ilipoelekea. Huchepuka kidogo kwenda upande wa pili. Kiasi cha kuchepuka hutegemea sana uzito wa zile sentimita chache za mwisho za fimbo, karibu na ncha. Fimbo ya ashi ina ncha nyembamba, kwa hiyo huchepusha kidogo, na ile ya lusiola huchepusha zaidi. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea kiasi cha lusiola na kukirekebisha bila mimi kujua. Nikiwa na fimbo bora zaidi, mipira ikawa inapita kando ya shimo.

Rafiki yangu mmoja, mrefu kunipita kwa kichwa kizima, aliyefanya kazi Nairobi na kucheza snuka huko, aliishika fimbo ile ile kwenye meza ile ile na kucheza vizuri tangu pigo la kwanza. Mikono yake mirefu ilizimaliza zile sentimita 147, na kwenye kona ya ukuta alijua namna ya kusogeza mkono wa nyuma mbele. Nilimpa yangu ya lusiola, akainama nayo akasema mgongo unamuuma. Sijui namna ya kuonyesha wazi zaidi kuliko hapo kwamba swali la ipi ni fimbo bora halijakamilika mpaka umtaje mtu na meza.

Hata kwa mabingwa ni hivyo. Stephen Hendry wa Scotland, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa snuka mara 7 kati ya 1990 na 1999, aliyafanya hayo kwa fimbo iliyogharimu takriban pauni 40 alipoipata akiwa mtoto. Haikuwa ya anasa. Mwaka 2003 ilivunjikia kwenye mizigo ya ndege akitoka Bangkok, na kwa watu wa mchezo huo ilikuwa habari ya msiba. Kabla mwaka haujaisha alishinda British Open kwa fimbo nyingine. Wapo wanaolitumia tukio hilo kusema kwamba fimbo si kitu. Mimi naliona kinyume. Mtu aliyepata pesa za kununua fimbo yoyote duniani alibaki na ile ya utotoni mpaka ilipomtoka kwa nguvu, kwa sababu mkono wake ulikuwa umekua nayo. Bei ndiyo haikuwa kitu. Ukaribu ulikuwa kitu kikubwa. Na leo fimbo za mafundi maarufu kama John Parris wa London zinafikia bei ya ng'ombe wa gredi, na kijana wa Butere ana haki ya kujua hilo kabla hajaanza kuweka akiba kwa ajili ya kibati chenye jina.

Huwa nawaza pia kuhusu miti yenyewe. Ashi kwa Waingereza ni mti wa mipini: shoka, sepetu, jembe. Walipotafuta mbao ya fimbo walichukua ile ambayo mafundi wao wa mipini waliijua tangu zamani kuwa imenyooka, ina nguvu, na hunyumbuka bila kukatika. Sasa mti huo unakufa. Ugonjwa wa ukungu unaokausha matawi yake ulionekana Poland miaka ya 1990, ukathibitishwa Uingereza mwaka 2012, na misitu mizima inaangamia. Marekani mdudu anayetoboa magome ya ashi aligunduliwa mwaka 2002, naye ameua mamilioni. Mpingo wa Lindi na Kilwa, unaosafirishwa kwenda kuwa filimbi na klarineti, uko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Huku kwetu lusiola inaota kwenye kila mpaka wa shamba, hukua wima, mchwa hawaipendi, na ukiikata huchipua tena. Fundi wa mipini yuko kila soko. Sioni sababu ya sisi kusubiri mbao za wengine ziishe ndipo tuitazame ya kwetu.

Kwa hiyo kijana akiniletea fimbo niipime, siiviringishi kwenye meza kama wengi wafanyavyo. Kuviringisha huonyesha kupinda, na kupinda kidogo mtu hukuzoea mradi kusiongezeke. Namwambia aweke mpira mweupe mwanzoni mwa meza, aupige katikati, polepole, uende hadi mwisho na kurudi mpaka uguse tena ncha ya fimbo aliyoiacha palepale. Pigo la nguvu huficha kila kitu. La taratibu hukifichua, cha mchezaji na cha fimbo. Kisha aupige kidogo kulia, kidogo kushoto, atazame unachepuka kiasi gani, na kama unachepuka sawa pande zote mbili. Halafu namtazama yeye: bega limepanda? Mkono wa nyuma unatafuta mahali pa kushika, au umetua? Mkono unaotafuta ni ishara kwamba urefu au mizani ya fimbo si yake. Hilo hurekebishika kwa msumeno na kuchimba mpini, na fundi mzuri atakufanyia kwa bei ya mipini michache ya jembe.

Binti wa senje (dada yake baba), anayesoma chuo na kucheza wakati wa likizo, alikuwa akishindwa na wavulana kila jioni kwa fimbo za ukutani zilizokuwa ndefu na nzito kwake. Khotsa alikaa tena kwenye benchi. Yake imekuwa sentimita 131, ncha milimita 10, mpini mwembamba kwa kiganja chake. Kanuni za snuka hazikatazi ufupi huo, zinataka tu fimbo isipungue milimita 914. Wavulana walioicheka waliacha kuicheka ndani ya likizo ile ile, na sasa wawili kati yao wamekwenda kwa khotsa kuagiza.

Amewakubalia, lakini gogo lililoko juu ya dari lilipandishwa miezi michache tu iliyopita. Wanazitaka fimbo zao kabla ya mashindano ya Desemba. Amewaambia gogo hilo haliwezi kuguswa mpaka masika yajayo yapite, na kwamba hadi wakati huo watakuwa wakimwalika siku wanazocheza, soda juu yao.